Asilimia Inayoshuka: Kusoma Aljebra ya Maandalizi Chuoni kwa Programu ya Kompyuta

Tuseme mwanafunzi wa chuo cha jamii nchini Marekani, yaani chuo cha umma ambacho kwa kawaida masomo yake ni ya miaka miwili, amemaliza wiki nne za kozi ya aljebra inayofundishwa kwa kompyuta. Jana usiku ukurasa wake ulisema amefika asilimia 41. Leo mchana programu imempa jaribio ambalo hakuliomba, na alipolimaliza ukurasa ukasema asilimia 33. Hajakosa kipindi, hajafuta kitu, wala hakuna mwalimu aliyemkata alama. Wengi wakifika hapa hukasirika, na wapo wanaoiacha kozi palepale. Hasira yao naielewa. Wamekabidhiwa mashine ya kujifunzia bila kuambiwa inapima nini, inapima vipi, na kipi haiwezi kukiona kabisa.

Tuanze na kozi yenyewe. Vyuo vingi vya Marekani humtaka mwanafunzi afaulu angalau somo moja la hisabati la ngazi ya chuo kabla ya kupewa shahada. Anayeonekana hajawa tayari hupelekwa kwanza kwenye kozi ya maandalizi, ambako atakutana na namba hasi, sehemu, milinganyo, grafu za mistari, vipeo, vipeuo vya pili, na ile kazi ya kuvunja x² − 5x + 6 kuwa (x − 2)(x − 3). Hii ni hisabati ya sekondari. Mwanafunzi huilipia ada kama kozi nyingine yoyote, ila kwa kawaida krediti zake, yaani vipimo vya masomo anavyokusanya mwanafunzi, hazihesabiwi katika shahada.

Wanaokaa katika kozi hizi si watu wa aina moja. Yupo aliyemaliza sekondari mwezi Juni bila kuielewa aljebra, na yupo mama wa watoto watatu aliyeielewa vizuri sana miaka 20 iliyopita kisha asiiguse tena. Kwa muda mrefu wengi wao waliwekwa humo kwa mtihani mmoja mfupi wa kompyuta, kama ACCUPLACER, au COMPASS ambao uliondolewa mwaka 2016. Judith Scott-Clayton wa Chuo Kikuu cha Columbia na wenzake walionyesha mwaka 2012 kwamba karibu mtu mmoja kati ya wanne waliofanya mtihani wa hisabati wa aina hiyo aliwekwa mahali pasipomfaa kabisa, wengine juu mno na wengine chini mno. Na waliowekwa chini walikuwa na safari ndefu, kozi mbili, tatu, hata zaidi, moja baada ya nyingine. Utafiti wa Thomas Bailey na wenzake wa mwaka 2010 ulikuta kwamba kati ya waliopelekwa kwenye hisabati ya maandalizi katika vyuo walivyovichunguza, waliomaliza ngazi zote walikuwa asilimia 33 tu. Kuna waliofeli, lakini wengi walikuwa hawajafeli kozi yoyote. Walifaulu moja wasijiandikishe inayofuata, au hawakuanza kabisa.

Ndipo programu zikaonekana kuwa jibu. Kama mtu tayari anajua sehemu na desimali, kwa nini akalishwe wiki tatu akisikiliza sehemu na desimali? Na kama namba hasi zinamsumbua, kwa nini darasa zima liende mbele na kumwacha? Mpe kila mmoja kompyuta, aruke anachokijua, akae kwenye asichokijua mpaka akiweze. Wazo ni zuri, na bado naliamini.

Sasa ile asilimia. Mojawapo ya programu zinazotumika sana ni ALEKS, iliyoanza kutengenezwa katika Chuo Kikuu cha California kule Irvine katika miaka ya 1990 na kununuliwa na kampuni ya vitabu vya kiada ya McGraw-Hill mwaka 2013. Msingi wake ni nadharia ambayo Jean-Paul Doignon na Jean-Claude Falmagne waliichapisha mwaka 1985. Inasikika ngumu ikitajwa, lakini mtu aliyewahi kufundisha hisabati huitambua mara moja. Chukua mada nne: kujumlisha namba hasi; kutafuta x katika x + 7 = 3; kutafuta x katika 2x + 5 = 1; na kutafuta x katika 3(x − 2) = x + 4. Kama kila mada ingekuwa imesimama peke yake, kungekuwa na namna 16 za mtu kujua baadhi yake na kutojua nyingine. Lakini hazijasimama peke yake. Anayeweza ya nne karibu hakika anaweza tatu za mwanzo, na anayeshindwa ya kwanza hawezi kuipata ya pili, kwa sababu jibu lake ni −4. Zikifuatana hivyo, hali zinazowezekana zinabaki tano tu: hajui hata moja, anajua ya kwanza, anajua mbili za mwanzo, tatu, au zote.

Panua hilo kwa mamia ya mada zenye matawi mengi na utaona kwa nini jaribio la mwanzo la maswali yasiyozidi 30 linatosha kukisia mtu anajua nini katika kozi nzima. Kila jibu linasema jambo kuhusu mada aliyoulizwa na kuhusu nyingine nyingi ambazo hakuulizwa. Neno la kushika hapo ni kukisia. Programu haijaona ukifanya mada zote inazokuhesabia. Inasema tu kwamba, kwa majibu uliyotoa, hali yako inafanana zaidi na ya mtu anayejua hizi na bado hajui zile. Kila baada ya muda hukupa jaribio jingine kuuhakiki ukisio wake, na mada uliyoimaliza kwa shida wiki iliyopita ukiikosa leo, inarudishwa kwenye orodha ya kujifunza. Asilimia inashuka.

Kwa hiyo namba ile ni makadirio ya unachoweza kufanya leo bila msaada. Si akiba ambayo ukishaiweka haipungui. Kushuka kutoka 41 hadi 33 maana yake ni kwamba mada kadhaa zilikuwa zimeshikwa kidogo tu na zimeanza kuponyoka. Mwanafunzi afadhali alijue hilo wiki ya nne kuliko kwenye mtihani wa mwisho.

Ukielewa hivyo, mambo mawili yanafuata ambayo wanafunzi wengi huyafanya kinyume. Katika jaribio la mwanzo usitafute msaada, iwe kwa kaka anayejua hisabati, kikokotoo kisichoruhusiwa au intaneti. Ukisaidiwa, programu itakuamini, itakuweka juu ya msingi usiokuwa nao, na utaanza kozi ukiwa umezungukwa na mada usizoweza hata moja. Na pale penye kitufe cha kusema hujui, kibonye. Kubahatisha kunaharibu ukisio kwa sababu ileile. Nimeona watu wanaona aibu kukibonyeza, kana kwamba kuna mtu anawatazama, wakati hicho ndicho kitufe kinachowatetea kuliko vyote.

Si kila programu hufanya kazi hivi. Nyingine, kama MyLab Math ya kampuni ya Pearson ambayo zamani iliitwa MyMathLab, huweza kupangwa na mwalimu ifuate sura za kitabu: zoezi, jaribio, alama ya kufaulu, sura inayofuata. Huko asilimia haishuki namna ile. Ila tatizo ninalotaka kulikalia sasa liko katika zote.

Angalia mlinganyo huu: 5 − 2(x − 3) = 1.

Mwanafunzi wa kwanza anafungua mabano na kuandika 5 − 2x − 6 = 1. Anapata −2x = 2, na mwishowe x = −1. Wa pili anaona 5 na 2 zimekaa karibu, anatoa kwanza, anaandika 3(x − 3) = 1, kisha 3x − 9 = 1, na kupata x = 10/3. Wa tatu anafungua mabano sawasawa, 5 − 2x + 6 = 1, anafika 11 − 2x = 1, halafu kwa haraka anaandika −2x = −12 na kujibu x = 6. Jibu sahihi ni 5.

Kwenye skrini wote watatu wamepata kitu kimoja: alama nyekundu. Lakini maradhi yao ni matatu tofauti. Wa kwanza hajui kwamba alama ya kutoa iliyo mbele ya 2 inaingia ndani ya mabano pamoja na hiyo 2, na kwamba hasi mara hasi inazaa chanya. Wa pili hajui kwamba 2 imeshikamana na mabano kwa kuzidisha, na kuzidisha hutangulia kutoa. Ana shida ya kina zaidi kuliko wa kwanza, na itamsumbua katika kila sura inayokuja. Wa tatu hana shida ya aljebra hata kidogo, 1 toa 11 ni −10 na aliharakisha tu. Mwalimu mwenye kalamu angeyaona yote hayo kwa kutupia macho daftari. Programu imeona −1, 10/3 na 6. Baadhi ya programu hutambua makosa yaliyozoeleka na kuandika maoni mafupi, lakini kwa kawaida kinachofuata ni suluhisho kamili, lilelile kwa wote. Wa pili atalisoma, ataona kila mstari una mantiki, ataitikia kwa kichwa, na kwenye swali linalofuata atatoa tena 2 kutoka kwenye 5, kwa sababu hakuna aliyemwonyesha mahali ambapo yeye alipotoka.

Upande wa pili kuna kitufe cha kuonyeshwa mfano. Unapewa swali linalofanana na lako kwa namba nyingine, likiwa limefanywa hatua kwa hatua. Kwa mtu aliyekwama kabisa ni msaada mkubwa. Kwa mtu aliyechoka saa nne usiku, kinageuka kuwa kiolezo: unaweka namba zako mahali pa namba zao, jibu linatoka kijani, unaenda mbele. Kilichofanyika ni kunakili. Mada imehesabiwa, na wiki mbili baadaye jaribio la uhakiki litairudisha, na mtu ataapa kwamba programu imemwonea.

Dawa yake ni ya zamani na haina teknolojia yoyote. Daftari. Kila swali lifanyike kwenye karatasi, hatua zote, kabla ya kugusa kibodi. Ukifungua mfano, usome, uufunge, kisha ufanye swali lako kwenye ukurasa mtupu. Ukikosa, usiende moja kwa moja kwenye suluhisho; weka mistari yako na ya programu ubavu kwa ubavu, utafute mstari wa kwanza unaotofautiana, uuzungushie duara. Na kabla ya kutuma jibu lolote la mlinganyo, lirudishe mahali pa x. Kwa x = 5, ndani ya mabano panabaki 2, mara 2 ni 4, na 5 toa 4 ni 1. Limekubali. Kwa x = −1, ndani ya mabano pana −4, na hesabu yote inatoka 13. Limekataa, na umelijua hilo mwenyewe kabla mashine haijakuambia. Mwanafunzi anayeizoea tabia hii hahitaji tena rangi ya kijani ili kujua kama amepata, na kwenye mtihani unaosimamiwa, ambako hakuna kitufe chochote, hiyo ndiyo silaha yake.

Kuna pia alama nyekundu zisizo na hatia. Programu inataka 2, 3 na wewe umeandika (2, 3), ambayo kwa lugha ya aljebra ni nukta kwenye grafu. Au umeacha sehemu bila kuirahisisha. Tumia saa moja ya wiki ya kwanza kujifunza namna ya kuandika majibu, basi.

Hii kasi yako mwenyewe inayotajwa kwenye kila tangazo la kozi hizi ndiyo inayoangusha watu wengi. Haikuanza na kompyuta. Mwaka 1968 mwanasaikolojia Fred Keller alichapisha makala kuhusu mfumo ambao yeye na wenzake, wawili kati yao Wabrazili, walikuwa wameubuni miaka michache kabla: kozi imegawanywa katika vipande vidogo, mwanafunzi anasoma kwa mwendo wake, na haruhusiwi kuanza kipande kipya mpaka aonyeshe amekiweza kilichotangulia. Mwaka huohuo mtaalamu wa elimu Benjamin Bloom aliandika juu ya kumpa kila mwanafunzi muda anaohitaji mpaka aufikie umahiri. Mfumo wa Keller ulisambaa vyuoni katika miaka ya 1970, na tangu mwanzo walioutumia waligundua ugonjwa wake mkubwa: wanafunzi huahirisha. Kisicho na tarehe husukumwa na chenye tarehe.

Kozi ya chuo haina kasi yako kikwelikweli. Ina muhula. Kama ina mada 240 na muhula wa wiki 15, mwendo ni mada 16 kwa wiki. Ukifanya 5 kwa wiki katika wiki sita za mwanzo kwa sababu hakuna aliyekuuliza, umebakiwa na mada 210 na wiki tisa, yaani zaidi ya 23 kila wiki. Hapo hesabu bado inakupendelea, maana mada za mwisho si sawa na za mwanzo. Kujumlisha sehemu mbili kunachukua dakika chache. Kujumlisha sehemu zenye x chini ya mstari, ambazo lazima kwanza uzivunje ili upate asili ya pamoja, kunaweza kumaliza jioni nzima. Kwa hiyo siku ya kwanza gawanya mada kwa wiki, kisha ongeza kidogo mwanzoni, ili mwisho wa muhula upate nafasi ya kwenda polepole. Hapo ndipo kasi yako mwenyewe inapopata maana.

Jambo moja katika mfumo wa Keller lilisahaulika njiani, nami naliona ndilo kubwa kuliko yote. Hakumwacha mwanafunzi peke yake na karatasi. Kulikuwa na wasaidizi, wanafunzi waliokwisha kuimudu kozi, ambao kazi yao ilikuwa kusahihisha kila jaribio mbele ya aliyelifanya na kuzungumza naye kuhusu alichokosa. Kompyuta ilipokuja ilichukua kusahihisha. Mazungumzo haikuyachukua.

Chuo kikuu cha Virginia Tech walilielewa hilo. Mwaka 1997 walifungua ukumbi mkubwa wa hisabati katika jengo lililokuwa duka, wakaujaza kompyuta zaidi ya 500. Mwanafunzi aliyekwama aliweka kikombe chekundu cha plastiki juu ya kompyuta yake, na msaidizi aliyekuwa akizunguka ukumbini akaja. Vyuo vingi viliuiga mpango huo, vikaupeleka hata kwenye kozi za maandalizi. Ila wanafunzi wa kozi hizo wanahitaji msaidizi zaidi kuliko wengine, na ndio wasiopenda kunyanyua kikombe. Pale chuo kinapopunguza wasaidizi kwa kudhani programu inatosha, nasema wazi kwamba kinawaibia wanafunzi wake walio dhaifu zaidi. Ukijikuta kwenye kozi kama hiyo, nenda kwa mwalimu saa zake za ofisini, nenda kwenye kituo cha msaada wa hisabati, na uende na daftari lenye miduara. Kumwambia mtu kwamba huelewi milinganyo hakumpi pa kuanzia. Ukimwonyesha mstari ambao wewe na programu mmeachana, atajua baada ya nusu dakika wewe ni mwanafunzi wa kwanza, wa pili au wa tatu.

Fedha nazo zina sheria zake. Ruzuku ya serikali ya Pell hulipia kozi za maandalizi, lakini kwa kikomo cha krediti 30 kwa jumla katika vyuo vinavyohesabu kwa mihula. Na ili aendelee kupata msaada, mwanafunzi lazima amalize programu yake ya masomo kabla krediti alizojaribu hazijazidi asilimia 150 ya zinazohitajika, na ndiyo sababu vyuo vingi hudai afaulu takribani theluthi mbili ya anazojaribu. Kozi isiyokamilika kwa sababu mtu alikuwa bado anakwenda kwa kasi yake inaweza kuhesabiwa kama iliyojaribiwa na isiyofaulu. Kabla ya kujiandikisha, uliza ofisi ya msaada wa fedha: nikifika asilimia 80 muhula ukiisha, nitapewa alama gani, na muhula ujao nitaendelea pale au nitaanza upya na kulipa tena?

Kuna swali jingine linalotangulia yote hayo: je, unaihitaji kozi hii? Mambo yamebadilika sana. Jimbo la Florida liliamua mwaka 2013 kwamba wahitimu wengi wa karibuni wa sekondari zake za umma hawawezi kulazimishwa kuisoma. Sheria ya California iitwayo AB 705, iliyotiwa saini mwaka 2017, inavitaka vyuo vya jamii vitazame alama za sekondari na kumwingiza mwanafunzi moja kwa moja kwenye hisabati ya chuo isipokuwa kama kuna uwezekano mkubwa sana wa kushindwa. Tennessee na majimbo mengine yamechagua kumweka mwanafunzi kwenye kozi ya chuo huku akipewa vipindi vya msaada sambamba. Na katika utafiti uliofanywa kwenye vyuo vitatu vya jamii vya Chuo Kikuu cha Jiji la New York, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2016, wanafunzi walioambiwa wanahitaji aljebra ya maandalizi waligawanywa kwa kura. Kati ya waliosoma aljebra hiyo bila vipindi vya msaada, waliofaulu walikuwa asilimia 39. Kati ya waliopelekwa kwenye takwimu za ngazi ya chuo, pamoja na vipindi vya msaada, waliofaulu walikuwa asilimia 56, tena kozi yao ilikuwa na krediti za shahada.

Mwanafunzi wa uhandisi, kemia au uchumi ataihitaji aljebra, na hakuna njia ya kuizunguka. Anayesomea ustawi wa jamii, historia au malezi ya watoto mara nyingi anahitaji takwimu au hisabati ya matumizi, na huenda chuo chake kina njia hiyo bila mtu kumwambia. Mwulize mshauri wako wa masomo kwa jina la shahada yako, siyo kwa jumla, na umwombe akuonyeshe kwenye mwongozo wa chuo ni somo lipi la hisabati linalotakiwa. Ufanye hivyo kabla ya kununua msimbo wa kufungulia programu, kwa sababu mara nyingi ukishautumia haurudishiwi fedha.